Upande wa Pazia la Buluu

Mwaka huu Ritsuki ametimiza saba,
na kibao cha mlangoni kinasema waziwazi:
wa miaka saba haogi tena na mama yake.
Amekisoma mwenyewe, herufi kwa herufi,
akanitazama kana kwamba ni mimi niliyekiandika.

Tulifika saa kumi. Theluji ilikuwa imetutangulia.
Bibi Fusae aliteremshwa garini kama trei ya mayai,
mama kamshika kwapa, mimi kiuno,
na Mio mgongoni mwangu akizivuta nywele.
Nyumba ilinuka kiberiti, na wali, na mbao zilizolowa miaka mia.
Bi Hatanaka akatuinamia, nasi tukamwinamia,
akavihesabu viatu vyetu kwa macho,
akafika mwisho, akahesabu tena.
Hakuuliza.

Chumbani, vikombe vitano. Tulihitaji vinne.
Mama akakirudisha kimoja kabatini, harakaharaka.
Bibi akakitoa.
Akakimiminia chai, akakiacha kipoe.

Miaka arobaini na mmoja walikuja hapa, yeye na babu Yasaburo,
kila Februari, hesabu za duka zikishafungwa.
Yeye pazia jekundu, babu pazia la buluu,
kati yao ukuta wa mwerezi usiofika dari.
Bibi akitosheka na maji alipaza sauti: "Natoka!"
na babu aligonga ndoo ya mbao sakafuni,
ko, ko.
Maana yake: nami natoka.
Au: ningoje.
Au: nimesikia, mke wangu, lakini mifupa haijalainika.
Sisi hatukuwahi kujua. Bibi alijua.

Sasa, mbele ya mapazia mawili,
mwanangu amelikumbatia taulo
kama mtu anayevuka mpaka bila hati.
"Nani ataniosha mgongo?"
Mzee Hatanaka, aliyekuwa akisugua sakafu upande ule,
akajibu kutoka ndani:
"Mgongo mdogo hivyo? Nitaumaliza kabla hujapiga chafya."
Pazia likafunguka, likajifunga.
Nikabaki nikilitazama likitikisika.

Maji ya moto hayachomi nyumba, ni kweli,
lakini yanajua kufuli ilipo.
Tulizama hadi shingoni:
Bibi, ngozi imemlegea kama shati la kuazima,
mama na goti lake la chuma,
mimi na mshono wa Mio ambao bado haujafifia,
na Mio mwenyewe kando, ndani ya ndoo ya maji vuguvugu,
ameketi wima kama figili.
Hakuna aliyesema neno.
Ng'ambo, maji yalimwagika, mzee akacheka,
kisha kimya, kile kimya kirefu cha mtoto
ambacho kila mama anakijua na hakipendi.

Nilikwisha kuinuka nusu
Bibi alipofumba macho akasema,
si kwa sauti ya zamani, kwa uzi tu wa sauti,
kama anayejaribu ufunguo kwenye nyumba iliyokwisha kuuzwa:
"Natoka."

Mvuke. Tone la dari.
Mama akawa anakikagua kidole chake.
Kisha, ng'ambo ya mwerezi,
ko.

Ko.

Halikuwa pigo la babu. Lilikuwa jepesi, lilichelewa,
na ndoo ikamponyoka, ikaviringika,
tukaisikia ikienda mpaka ukutani.
Nikakumbuka: mwaka jana babu alimchukua upande ule,
wakakaa hadi vidole vikawa zabibu kavu.
Nilimuuliza mtoto walikuwa wakifanya nini.
"Kazi," alinijibu.

Bibi hakutoka.
Alijishusha tena, maji yakamfika kidevuni.
"Mwache angoje kidogo," akasema.
"Wanaume wa kwetu hawana subira.
Na mimi, hata sijaloa."